Kazi Posta, Nyumba Chanika: Hesabu ya Safari ya Kila Siku

Mkazi wa Dar es Salaam hapimi umbali wa kazini kwake kwa kilomita. Huupima kwa idadi ya magari ya kuunganisha na kwa saa anayolazimika kuamka. Anayekaa Chanika, pembezoni mwa jiji, na kufanya kazi Posta, katikati yake, ana takriban kilomita 30 mbele yake. Usiku wa manane, barabara ikiwa tupu, huo si mwendo wa kumtisha mtu. Siku ya kazi, alfajiri, mambo ni mengine. Ndiyo maana mtu akipata barua ya ajira, baada ya pongezi huulizwa haraka: utakuwa unatokea wapi?

Mji wenyewe ulijengwa kwa namna inayozaa swali hilo. Tangu enzi za Wajerumani, na baadaye Waingereza, ofisi, benki na maghala vilikusanywa kuizunguka bandari. Mji ukakua kwa kufuata barabara zinazotoka hapo: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu ambayo leo inaitwa Nyerere, na ya Kilwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wao hawana namna ya kupata nyumba karibu na bandari hata wangependa. Viwanja ambavyo mwenye kipato cha kawaida anaweza kuvinunua viko pembezoni: Chanika, Kivule, Chamazi, Mbande, Bunju, Madale, na hata nje ya mkoa, Kibaha na Mkuranga. Nyumba hujengwa kidogo kidogo, msingi mwaka huu, boma mwaka mwingine, bati fedha zikipatikana, na familia huhamia ndani kabla ya plasta ili kuachana na kodi ya mwenye nyumba. Kwa familia kama hiyo safari ndefu ya kazini ni sehemu ya bei ya kiwanja, isipokuwa hulipwa kila siku na haiandikwi kwenye hati ya mauziano.

Nauli ni gharama ndogo

Wengi wakipiga hesabu ya kazi ya mbali huanza na nauli, na wengi huishia hapo. Desemba 2023 nauli ya daladala kwa ruti fupi, zisizozidi kilomita 10, ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600. Mtu anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, hata yote yakiwa ya nauli hiyo ya chini, hutoa shilingi 2,400 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni shilingi 52,800 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000, kwa hiyo nauli pekee inachukua zaidi ya sehemu moja ya kumi. Hapo bado bodaboda ya kutoka mlangoni hadi barabara ya lami, ambayo mara nyingi huizidi nauli ya daladala lenyewe, na bado chai na chapati za kituoni kwa aliyetoka nyumbani kabla jiko halijawashwa.

Mwenye gari hana unafuu. Gari linalotumia lita moja kwa kilomita 10, likienda kilomita 30 na kurudi, hunywa lita 6 kwa siku, lita 132 kwa mwezi. Bei ya petroli hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo. Ikichukuliwa shilingi 3,000 kwa lita kwa ajili ya hesabu, mafuta yanafika shilingi 396,000, kabla ya matairi, bima na maegesho. Watu kadhaa wa mtaa mmoja hukubaliana kusafiri katika gari moja na kuchangia mafuta, na ni busara, ingawa mpango wa namna hiyo huvunjika siku mmoja wao anapobadilishiwa zamu.

Gharama kubwa ni saa. Mtumishi wa umma huanza kazi saa 1:30 asubuhi na kumaliza saa 9:30 alasiri, saa 40 kwa wiki, ambazo kwa wastani wa mwezi ni saa 173. Mshahara wa 500,000, kabla ya makato, unamlipa shilingi 2,890 kwa saa. Sasa mtu huyo apewe safari ya saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, muda ambao wakazi wa Chanika au Mbande hawataushangaa. Kwa siku 22 ni saa 66. Kazi yake imekuwa ya saa 239 kwa mwezi, na baada ya kutoa nauli anabaki na shilingi 447,200. Kila saa sasa inamlipa shilingi 1,871. Zaidi ya theluthi ya malipo ya saa imeishia barabarani. Kazi ya mtaani kwake, ya kwenda kwa miguu, yenye mshahara wa shilingi 325,000 ingemlipa karibu sawa kwa kila saa anayoitumikia kazi.

Hesabu hiyo ina kasoro moja: saa iliyookolewa haina thamani kama haina pa kwenda. Fundi cherehani mwenye mashine nyumbani, mfugaji wa kuku, mama mwenye genge, mwanafunzi wa masomo ya jioni, hawa hugeuza saa 66 kuwa fedha au cheti. Asiye na shughuli nyingine atasema afadhali shilingi 122,200 za ziada zinazobaki baada ya nauli, na hatakuwa amekosea. Vilevile mshahara si fedha za mkononi pekee. Ajira rasmi huja na michango ya mwajiri, ambayo katika PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, ni asilimia 15 ya mshahara dhidi ya asilimia 5 ya mfanyakazi, na katika NSSF, mfuko wa sekta binafsi, kwa kawaida ni nusu kwa nusu ya asilimia 20. Bima ya afya nayo huja pamoja na ajira ya serikali. Kazi ya jirani isiyo na mkataba haina hata kimoja cha hivyo, na safari ndefu huvumilika zaidi inapompeleka mtu kwenye mafao.

Kwa nini watu hawahami tu

Jibu linaloonekana rahisi ni kupanga chumba karibu na kazi. Ichukuliwe kwamba chumba Chanika ni shilingi 70,000 kwa mwezi na cha namna ileile Buguruni au Manzese ni 150,000. Tofauti ni 80,000. Kama kazi yake iko hukohuko na anaifikia kwa miguu kwa muda mfupi, anaokoa nauli ya 52,800, kwa hiyo gharama halisi ya kuhama ni shilingi 27,200 tu kwa mwezi, na kwa fedha hizo amenunua karibu saa 66. Kila saa ameinunua kwa takriban shilingi 412, bei ambayo ni vigumu kupata kitu kingine chochote cha maana mjini.

Watu wengi wanaijua hesabu hii bila kuiandika. Kinachowazuia ni kodi ya mkupuo. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hutaka miezi sita mbele, wengine mwaka mzima, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kuonyesha mlango. Kwa chumba cha 150,000 mhamiaji anatakiwa kuwa na shilingi 900,000 za kodi na 150,000 za dalali, jumla 1,050,000 taslimu kabla ya kuhamisha kitanda. Hiyo ni mishahara miwili na ziada ya mtu wa kima cha chini. Nauli, kwa upande wake, hudai shilingi 600 kwa wakati mmoja. Maskini hununua safari kwa rejareja kwa sababu hawezi kununua ukaribu kwa jumla, na si haki kumlaumu kwamba hajui kupanga maisha. Mwajiri anayetaka wafanyakazi wake wafike mapema angefanya jambo la maana zaidi kwa kuwakopesha kodi ya miezi sita, ikatwe kidogo kidogo kwenye mshahara, kuliko kuwaongezea posho ya usafiri.

Kuna njia ya katikati inayotumika sana na isiyotajwa kwenye mipango rasmi: kujishikiza. Mfanyakazi hulala kwa ndugu Sinza au Ilala Jumatatu hadi Ijumaa, au vijana watatu huchangia geto, kila mmoja akirudi kwao mwisho wa wiki. Huwafaa wasio na watoto. Kwa wenye familia, na kwa ndugu anayewapokea, uzuri wake hupungua kila mwezi unaopita.

Urefu au kutotabirika

Safari za urefu uleule hazichoshi sawa. Saa moja na nusu ambayo kila siku ni saa moja na nusu hupangika: mtu ataamka wakati uleule, atasoma, atasinzia. Safari ambayo leo ni saa moja na kesho ni saa tatu humlazimisha mtu kuishi kwa kipimo cha siku mbaya, yaani kuondoka mapema kila siku kwa kuihofia ile moja ya wiki. Kwa hiyo anayepima kazi ya mbali kwa wastani wa safari anajidanganya. Siku mbaya ndiyo inayoweka saa ya kengele, na ndiyo inayoandikwa kwenye daftari la waliochelewa.

Siku mbaya za Dar es Salaam zina sababu zinazofahamika. Askari wa usalama barabarani akishika makutano kwa mkono, upande mmoja husimama kwa muda usiojulikana. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, hujaza bonde la Msimbazi, na maji yakipanda Jangwani hata mabasi ya mwendokasi husitisha kupita hapo. Halafu kuna kukatisha ruti: konda anapoona abiria wengi na foleni ndefu, hushusha watu njiani na kugeuza gari, ili abiria alipe nauli mbili kwa safari moja. Nairobi, ambako nauli ya matatu, daladala za huko, haipangwi na serikali, mvua ikinyesha nauli hupanda waziwazi. Dar es Salaam nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa hiyo upungufu wa magari hulipwa kwa njia nyingine, ama kwa kusubiri, ama kwa kukatishiwa ruti, ama kwa kugombea mlango na dirisha. Abiria mzoefu hugeuza na gari: hupanda linaloelekea mwisho wa ruti, upande usio wake, akalipa nauli ya ziada ili apate kiti litakaporudi. Ni mia sita ya kununua usingizi, na kwa anayesimama kazini siku nzima si israfu.

Usafiri wenye njia yake unastahili kupewa uzito mkubwa katika uamuzi, hata ukiwa si wa haraka sana. Treni ya abiria wa mjini iliyoanza Oktoba 2012, ambayo watu waliiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, haikuwa ya kifahari, lakini reli haina foleni ya magari. Mwendokasi ulipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi yake jumla ya takriban kilomita 21, ulionyesha jambo hilohilo: basi lenye njia yake hupita pembeni ya magari yaliyosimama. Tatizo lake limehamia kituoni, kwenye msongamano wa kusubiri basi lenye nafasi. Kigamboni ni funzo la tatu. Daraja lililofunguliwa Aprili 2016 liliwafaa wenye magari, wakati anayekwenda kwa miguu Kivukoni bado anategemea pantoni, na kivuko kimoja kikiwa matengenezoni foleni ya vilivyobaki huonekana tangu mbali. Nyumba mbili zilizo umbali sawa na Posta, moja karibu na kituo cha mwendokasi na nyingine ndani kwenye barabara ya vumbi, haziko umbali sawa hata kidogo.

Utafiti wa nchi nyingine unakubaliana na uzoefu huu. Mwaka 2004 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya wanawake 909 waliokuwa na ajira katika jimbo la Texas, Marekani, walioulizwa walivyojisikia katika kila shughuli ya siku. Safari ya asubuhi ya kwenda kazini ilishika mkia. Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey, wakitumia takwimu za Ujerumani, walikuta kwamba wenye safari ndefu huridhika kidogo na maisha kuliko wenye safari fupi, ingawa nadharia ya uchumi inadai kuwa mshahara mkubwa au nyumba nafuu inapaswa kuwafidia. Yaani watu huingia katika mapatano haya kwa hiari na bado hupunjika. Cesare Marchetti, mwanafizikia wa Italia, aliandika mwaka 1994 kwamba binadamu tangu zamani huelekea kutumia karibu saa moja kwa siku kwa kusafiri, na chombo kikiwa cha kasi zaidi huhamia mbali zaidi badala ya kufika mapema. Upanuzi wa barabara ya Kimara hadi Kibaha kuwa njia nane unaweza kusomwa kwa jicho hilo: barabara ikipanuka, mji nao husogea. Tahadhari ni kwamba Wajerumani na Watexas wa tafiti hizo wengi wao walikuwa wamekaa kwenye viti.

Wanaolipa wakiwa nyumbani

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kazi kwa wiki na kumpa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Saa hizo huanza kuhesabiwa getini mwa mwajiri. Safari ya saa tatu hukatwa kwenye mapumziko, na zilizobaki tisa ndizo za kupika, kuoga, kula, kukagua madaftari ya watoto na kulala.

Mzigo huo hauwaangukii wote kwa usawa. Sheria hiyohiyo inamruhusu mama anayenyonyesha muda usiozidi saa mbili kwa siku kwa ajili hiyo, lakini mama wa Mbande anayefanya kazi Posta hawezi kwenda na kurudi ndani ya saa mbili. Kinachowezekana ni kuzitumia kwa kutoka mapema, na hilo linategemea mkuu wa idara. Mama huyohuyo hutoka gizani, na njia ya kutoka nyumbani hadi kituoni ina vichaka na haina taa, hivyo bodaboda kwake si anasa. Mtoto huachwa kwa dada wa kazi, ambaye mshahara wake nao ni gharama ya safari, ingawa wachache huuhesabu hivyo. Baba anayetoka watoto wamelala na kurudi wamelala huwa mgeni wa Jumapili. Vikao vya harusi, misiba ya mtaa, mikutano ya vikoba, vyote hufanyika saa ambazo yeye yuko Gongo la Mboto kwenye foleni, na mtaa una kumbukumbu nzuri ya nani hakuonekana msibani.

Kwa hiyo uamuzi huu haufai kufanywa na aliyepata kazi peke yake. Anayebaki nyumbani ndiye anayejua nani atampeleka mtoto kliniki.

Morogoro na Dodoma

Treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na kufika Dodoma Julai mwaka huohuo, imeleta wazo jipya: kuishi Morogoro, kwenye nyumba nafuu na hewa ya milima ya Uluguru, na kufanya kazi Dar es Salaam. Kwa saa inawezekana, kwa kuwa treni inatumia chini ya saa mbili au karibu na hapo. Kwa fedha haiwezekani kwa mfanyakazi wa kawaida. Nauli ya daraja la kawaida wakati safari zinaanza ilikuwa shilingi 13,000. Kwenda na kurudi kwa siku 22 ni shilingi 572,000, fedha zinazozidi mshahara mzima wa kima cha chini serikalini.

Treni hiyo inafaa kwa safari ya wiki, na hapo imekuta wateja wanaoisubiri. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watumishi wengi walikwenda wao na kuacha familia Dar es Salaam, kwenye nyumba walizojenga na shule walizokwisha kulipia. Kwa basi, mwendo wa takriban kilomita 450 ulikula Ijumaa usiku na Jumapili yote. Sasa mtu anatoka kazini, analala kwake, na Jumapili jioni anarudi akiwa na nguvu. Hata hivyo kuendesha nyumba mbili, kodi mbili na majiko mawili ni jambo la muda, na wanandoa wanaoliingia bila kutaja mwisho wake huishia kuliita maisha.

Inapolipa

Safari ndefu hulipa ikiwa na mwisho unaojulikana: mwaka wa mafunzo ya kazi, miaka miwili ya kupata uzoefu ambao haupatikani mtaani, kipindi cha kungoja uhamisho ulioahidiwa kwa maandishi. Hulipa pia ikiwa nyumba ni ya mwenyewe, kazi ina mkataba na mafao, na sehemu kubwa ya njia ni ya reli au mwendokasi. Hailipi kwa kibarua cha kutwa, ambako nauli hutoka kila siku na kazi haipo kila siku. Hailipi kwa zamu zinazomalizika usiku wakati daladala zimekwisha, labda kama mwajiri ana basi la wafanyakazi, na hapo inafaa kuuliza linaishia wapi, kwa sababu mengi hupita barabara kuu tu. Yapo pia ya kuzungumzwa kabla ya kusaini, ambayo hayamgharimu mwajiri chochote: kuanza saa moja mapema na kutoka saa moja mapema, au kubaki nyumbani siku moja ya wiki kwa kazi zinazofanyika kwenye kompyuta. Anayeomba baada ya kuajiriwa huonekana mvivu. Anayeomba kabla huonekana anajua mambo yake.

Na kabla ya hayo yote, safari ifanywe mara moja kwa majaribio, Jumatatu asubuhi, kwa magari yaleyale yatakayotumika, na kurudi jioni yake. Ikiwa ni mwezi wa Aprili na mvua inanyesha, isiahirishwe.